Wosia: yaandaliwe haya kabla ya kikao cha Jumamosi

Habari za jioni, ndugu wanakikundi. Wengi mmeuliza kuhusu wosia wa maandishi kwa taratibu za kimila hapa Tanzania. Uandikwe kwa wino usiofutika (penseli hapana), uwe na tarehe na sahihi ya mwenyewe. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kila upande. Hapa ndipo wosia nyingi hukwama mahakamani: wameitwa wanaukoo watupu. Ukishakamilika, unaweza kuuhifadhi RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Kabatini hupotea, au "hupotezwa".

Kwa ndugu zetu Waislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie.

Hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu mtu akushughulikie mambo yako, hufa siku unapofariki. Kuitumia kutoa fedha benki baada ya msiba ni kujitafutia kesi.

Kikao cha ukoo nacho hupendekeza tu msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI. Madeni hulipwa kabla ya mgao, na usimamizi haumfanyi kuwa mrithi.

Jumamosi njooni na nakala za hati za viwanja na vyeti vya ndoa.