Shukrani kwa kijana wa baiskeli, Wete

Ijumaa baada ya sala, mfereji wa sinki ulinikatikia mkononi. Maji yakafika mpaka kwenye gunia la mchele. Nikatoka nje napiga kelele.

Kijana aliyekuwa akipita akaegesha baiskeli, akafunga koki ya nje, akaingia na spana yake. Kipande kilichobaki ukutani kiliganda kwa kutu. Alikitoa polepole, ukuta usibomoke. Akanituma mfereji wa nusu inchi na tepu nyeupe, akaizungusha tepu vizuri kwenye uzi wa mfereji, pale unapokazwa ukutani. Chini ya sinki akaiondoa paipu niliyoifunga mpira wa baiskeli (miaka miwili, aibu yangu!), akaunga mpya, akapangusa na sakafu.

Pesa akakataa. Jina sikumuuliza. Mwanangu, ukisikia haya, pita. Pweza wa nazi anakungoja.