Salamu za Krismasi, na kofia ya sufu

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi kwenu nyote, mliokwisha kufika nyumbani na mlio bado barabarani.

Desemba ikiingia, mimi humkumbuka Jesse Brown, rubani wa Kimarekani. Alizaliwa 1926 huko Hattiesburg, Mississippi, katika familia ya wakulima maskini. Akiwa bado mtoto alimwandikia Rais Roosevelt kulalamika kwamba jeshi linawanyima Weusi urubani. Marubani wa Tuskegee, Weusi waliopigana Vita vya Pili vya Dunia, walimtangulia vitani, wakiwa wametengwa katika vikosi vya Weusi peke yao. Oktoba 1948 Brown akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu urubani wa Jeshi la Majini la nchi yake, akapangwa pamoja na Wazungu.

Tarehe 4 Desemba 1950, vita vya Korea vikiwa vimepamba moto, yeye na marubani wenzake walikuwa wakiwasaidia askari wa Marekani waliozingirwa huko Chosin, Korea Kaskazini. Ndege ya Brown ikapigwa, ikaanguka mlimani kwenye theluji. Alikuwa hai, ila chuma kilimbana mguu na moshi ulikuwa ukifuka. Thomas Hudner, rubani mwenzake, Mzungu wa Massachusetts, alimwona kutoka juu. Bila kuamriwa na mtu aliishusha ndege yake kwa tumbo, kusudi, jirani na pale.

Alimkuta Brown kichwa wazi, hana glavu, vidole vimeganda. Akatoa kofia yake ya sufu akamvisha, mikono akamfunga kwa skafu. Kisha akaanza kuchota theluji na kuirushia ule moshi. Helikopta ilipofika na shoka, wakakata na kukata, chuma hakikusogea. Giza likaingia, na helikopta ile isingeweza kuruka usiku. Kabla ya kuzimia, Brown aliomba mkewe Daisy aambiwe kwamba anampenda. Alifia palepale akiwa na miaka 24, na Krismasi ilikuwa wiki tatu mbele.

Aprili 1951 Daisy alikuwapo Ikulu ya Marekani Rais Truman alipomvisha Hudner Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya jeshi la nchi hiyo. Mwaka 2013, mzee wa miaka 88, Hudner alirudi Korea Kaskazini kuutafuta mwili wa mwenzake. Hakuupata.

Kila nikiisoma habari hii, pale kwenye kofia hunibidi nitulie kwanza. Baridi kali namna ile, naye anampa mwenzake!

Basi salamu zangu za kwanza leo ni kwa waliobanwa na mwaka huu: wenye msiba mbichi, mnaouguza, mliopoteza kazi mkaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Poleni sana. Mlio karibu njooni, pilau iko jikoni na mlango haufungwi. Mlio mbali, jioni nitawapigia simu mmoja mmoja, tuzungumze hadi mchoke ninyi.

Krismasi njema, wapendwa.