Zuberi, ile lifti imenishinda

Ndugu yangu Zuberi,

Salaam sana, na baada ya salaam, samahani kwa ukimya. Miezi minne sijakuandikia hata mstari, na sababu unaijua, ingawa ukiulizwa mbele za watu utasema huijui. Mimi mzima. Chande naye mzima, bado anadai zile kalamu zake. Tuingie basi kwenye lililonifanya niandike, maana najua umeshaanza kucheka.

Ile lifti imenishinda.

Unakumbuka nilivyokwambia, tena kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwamba skrini kubwa ya Enterprise, kile chombo cha angani cha tamthilia ya Star Trek, inatazama omo, mbele kabisa, na anayesema kama wewe kwamba imegeukia kando hajui chombo ni nini. Basi wiki iliyopita nikaona nimechoka kuchora, acha nijenge. Chombo kizima ni futi 947, mita 289 hivi. Nikapiga hesabu ya sentimita moja kwa mita mbili, nikakata kadibodi ya ile sahani ya juu, sehemu ya mbele iliyo mviringo, na katikati nikaweka kuba la chumba cha unahodha, dogo hata linakaa kiganjani. Ndani nikafuata seti ilivyokuwa: duara la vipande kumi, kila kipande nyuzi 36. Skrini mbele, afisa Spock kulia, Uhura wa mawasiliano nyuma, na lifti nyuma kwa kushoto, pale pale begani kwa nahodha. Nikapachika. Nikageuza chombo nikitazame kwa tezi, na pale nje, nyuma ya kuba, katikati kabisa ya mstari, lipo lile bomba fupi ambalo haliwezi kuwa kitu kingine ila njia ya lifti. Lifti yangu ilikuwa pembeni yake.

Nikachukua kijiti cha meno, nikakipitisha kwenye mlango wa lifti nione kinatokea wapi. Kikatokea nje. Yaani Kapteni Kirk kila akienda kazini anapita kwanza angani, kichwa wazi.

Nikakaa na kile kijiti mkononi muda mrefu tu. Kisha nikazungusha chumba kipande kimoja, nyuzi 36, skrini ikaelekea kushoto. Mlango ukakutana na bomba, tap. Ndivyo ulivyosema, na ndivyo Franz Joseph alivyochora katika ramani zake za 1975, zile nilizoziita kazi ya mtu aliyelaza karatasi upande. Nakuomba radhi. Yeye pia. Nimeshasema, usinirudishe tena hapo.

Lakini hebu fikiria! Chombo kinakwenda huku, wao wote wameketi wanatazama kule. Sulu anaendesha kama abiria aliyegeukia dirishani. Nahodha akisema "mbele", mbele ya nani? Na chombo kikipigwa, watu wanarushwa kulia na kushoto vizuri kabisa. Sijaona hata mmoja aliyeanguka kwa mshazari wa nyuzi 36. Mwanaidi anasema skrini si dirisha, ni picha tu, hata wangeketi kinyumenyume isingekuwa neno. Huenda ana haki. Ananiudhi.

Na kinachouma zaidi ni kwamba Matt Jefferies aliyebuni nje ndiye aliyebuni na ndani. Si mafundi wawili wasiosalimiana. Mimi naona ni kamera tu: ukiweka mlango nyuma kabisa, kichwa cha nahodha kinauziba, kila anayeingia anaingilia kisogoni kwa Kirk. Ukiusogeza kando kidogo, unapata nahodha na mgeni wake katika picha moja. Kwa hiyo sisi tunavunja vichwa kwa sababu mtu mmoja, miaka ya 1960, alitaka mlango uonekane.

Basi nikajiwekea sheria: nje inashinda ndani, na macho yanashinda maneno. Sheria nzuri sana. Ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu nikashuka kwenye injini, na wewe unajua, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; kila tukigombana tunaishia huko. Chumba cha injini kiko wapi? Ukisema kwenye lile pipa refu lililo chini ya sahani, mbona ujia wa kukifikia umepinda kama uliomo ndani ya sahani? (Ni ujia uleule, najua, seti moja wanayoipita mara kumi wakibadilisha vibao. Usiniambie. Nataka jibu la ndani ya chombo, si la ndani ya studio.) Halafu yale mabomba nyuma ya wavu mwekundu, yanayoonekana kwenda mbali hata ukomo huuoni: yalijengwa yakipungua unene ili jicho lidanganyike. Sasa nichore urefu gani? Wa jicho au wa seremala? Nimechora wa jicho, ukatoboa ukuta wa pili. Kwa sasa nakubali vyumba viwili vya injini, kimoja nyuma ya sahani, kingine kwenye pipa. Ni suluhisho la mtu aliyechoka, lakini msimu wa pili chumba kinabadilika hata sakafuni, kwa hiyo nina pa kujifichia.

Galileo, kile chombo kidogo cha kushukia kwenye sayari, sitaki hata kuisema. Kirk anatamka kwa kinywa chake kwamba ni futi 24, nje ni kidau ambacho mtu mzima angeinama, ndani watu saba na Spock anasimama wima. Hapo macho yanapingana na macho, sheria yangu ikafa.

Nilijifariji kwa wengine. Katika ile sinema ya Star Trek ya 1989 Kirk na wenzake wakipanda ndani ya shimo la lifti wanapita sitaha ya 78, kwenye chombo cha sitaha ishirini na kitu! Naye Picard, nahodha wa Enterprise ya baadaye, katika sinema ya 1996 anamwambia mgeni wake kwamba chombo kina sitaha 24, kufika sinema ya 2002 watu wanapigana kwenye ya 29 ya chombo hicho hicho. Nilicheka peke yangu. Kisha nikarudi kwenye kadibodi.

Sasa ombi. Ule mchoro wako wa madirisha ya upande wa kushoto, bado unao? Modeli kubwa ya futi 11 iliyopigiwa picha za tamthilia, iliyoko makumbusho ya Smithsonian kule Marekani, upande ule haukumaliziwa. Ndiko nyaya zilikoingilia, na walipotaka kuonyesha kushoto walibandika namba kinyume wakageuza picha. Kwa hiyo mtu akitaka kushoto ni aukisie, na aliyeukisia vizuri ni wewe. Nakala yangu niliichana. Siku gani, unajua.

Je, ulinakili kulia tu ukageuza, au uliyapanga upya kufuata vyumba? Watu 430 umewalaza wapi, na wale 203 wa enzi za Pike, nahodha aliyemtangulia Kirk, walikuwa wakitumia vyumba vyote hivyo kufanyia nini? Ulipozungusha chumba cha unahodha, ulikizungusha chote, au sakafu tu ukaacha kuta? Na lifti ikishuka kutoka pale, inapinda wapi kwenda pande? Maana kijiti changu kimenyooka, hakipindi.

Na umeninunia bado, au ilikuwa mimi tu?

Wako,
Hamisi

N.B. Chande anasema nikutajie kwamba yeye hakuwa upande wa mtu. Alikuwa upande wangu.