Mwanangu, kabla hujalipia fremu

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia umepata fremu hapo Morogoro, na mtaji wa milioni 5 uko tayari. Duka la sare za shule na nguo za watoto ni wazo zuri. Ila kabla hujampa mwenye fremu hata senti, chukua daftari uandike hela itaingia lini na itatoka lini, wiki kwa wiki, kwa miezi 6 ya mwanzo. Faida uliyonitajia siipingi. Ninachohofia ni tarehe.

Kodi ni 150,000 kwa mwezi, naye anataka ya miezi 6 kwa mkupuo: 900,000. Shelfu, kaunta na leseni tuseme 900,000 nyingine. Mzigo wa kwanza wa Kariakoo na usafiri wake, milioni 2.5. Umebaki na 700,000. Sasa kama unauza 350,000 kwa wiki, usizione zote zako. Sketi uliyoinunua 10,000 ukaiuza 14,000, ile 10,000 inarudi Kariakoo, la sivyo shelfu zitabaki tupu. Kwa hiyo mkononi una 100,000 kwa wiki, 400,000 kwa mwezi. Msaidizi 150,000, umeme, taka na mlinzi 50,000, akiba ya kodi ya fremu 150,000. Imebaki 50,000, na hapo hujala, wala hujaweka kodi ya serikali, ile ya TRA, ambayo kwa wenye biashara ndogo hulipwa kwa awamu 4: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa mauzo ya 250,000 kwa wiki. Kila mwezi unapungukiwa kama 65,000. Ukichukua na 200,000 ya chakula na nauli, ile 700,000 haimalizi mwezi wa tatu.

Halafu sare zina msimu wake. Wazazi watajaa dukani Desemba na Januari, lakini fundi na muuza jumla watataka hela yao Novemba. Februari ni kimya. Nguo za watoto zitachangamka Idd, nayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka uliopita.

Na wa kukopa watakuja, tena watu wazuri tu, walimu na majirani. Aliyechukua tarehe 8 akaahidi mshahara ukitoka, hela yake iandike mwisho wa mwezi, au wiki mbili mbele zaidi. Usiiandike tarehe 8.

Mwombe mwenye fremu apokee ya miezi 3. Daftari likiwa tayari lipige picha unitumie kabla ya Jumamosi, tulipitie kwenye simu. Tukikuta wiki ambayo hela haitoshi, tutapunguza mzigo wa kwanza, si chakula chako.

Mama yako akupendaye