Jenerali Tumwine hakuwa jenerali Kabamba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu marehemu Elly Tumwine, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Uganda, yalianza na kosa linalojirudia kila Februari: "Jenerali Tumwine alifyatua risasi ya kwanza Kabamba." Alifyatua, hilo halina ubishi. Lakini asubuhi ya 6 Februari 1981, chuo cha kijeshi cha Kabamba kiliposhambuliwa, hapakuwa na jenerali kati ya washambuliaji wale. Vyeo rasmi vya NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, vilikuja mwaka 1988, miaka miwili baada ya Kampala kutekwa. Msituni mtu alitambulika kwa wadhifa aliokabidhiwa, basi.

Cheo na wadhifa ndivyo vinavyowachanganya waandishi. Tumwine aliongoza NRA toka 1984 hadi 1987, akampisha kamanda mwenzake Salim Saleh. Piga hesabu: aliachia ukuu wa jeshi kabla vyeo havijatolewa. Hivyo "Jenerali Tumwine, Mkuu wa Majeshi ya UPDF mwaka 1984" ni sentensi moja yenye makosa matatu. Jenerali hakuwa bado. UPDF, jina la sasa la jeshi la Uganda, lililetwa na Katiba ya 1995. Na cheo cha Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kinatokana na sheria ya 2005, wa kwanza kukishika akiwa Aronda Nyakairima. Kabla yake alikuwapo Kamanda wa Jeshi.

Kuhusu Kabamba yenyewe, mmeandika kana kwamba risasi ile ilifungua mlango. Iliufunga. Washambuliaji walikuwa na bunduki 27 tu, na shabaha yao ilikuwa ghala la silaha la chuo kile cha kijeshi huko Mubende. Mlinzi wa lango alitakiwa kudhibitiwa kimyakimya. Mlio ulipotoka, askari wa Tanzania aliyekuwa ghalani alijua kuna hatari. Ghala lilikuwa chini ya ardhi na njia ya kuingilia ilikuwa moja, kwa hiyo mtu mmoja mwenye bunduki alitosha kuwazuia wote. Wakaondoka na magari, ghala wakaliacha. Lilikuja kufunguka 1 Januari 1985, Saleh akiongoza mashambulizi.

Ukurasa wa pili mmeumaliza mbio mno. Mwanafunzi wa sanaa wa Makerere, mchoraji aliyepoteza jicho moja vitani na bado akaendelea kuchora, amepewa mstari mmoja. Uenyekiti wake wa Mahakama Kuu ya Kijeshi wakati mpinzani wa Rais, Kizza Besigye, aliposhtakiwa huko, Novemba 2005, haumo kabisa, ingawa ndipo wananchi wengi walipomfahamu, wengine kwa hasira. Ubunge wake kwa niaba ya jeshi, lenye viti 10 bungeni, mmeuita "uteuzi wa Rais". Viti hivyo hupigiwa kura na chombo cha jeshi lenyewe. Uwaziri wa Usalama, 2018 hadi 2021, ndio uteuzi wa Rais.

Dawa ni nyepesi. Kabla ya kuandika wasifu wa afande yeyote, chora safu tatu: mwaka, cheo, wadhifa. Safu ya cheo ikiwa tupu, iacheni tupu, msiijaze kwa cheo alichozikwa nacho.

Halafu, ndugu Mhariri, siku ile ya 6 Februari magazeti ya Kiingereza huiita Tarehe Sita, kwa Kiswahili chetu. Ninyi mmeandika "Siku ya Jeshi ya Februari". Na Tumwine alifariki Nairobi, 25 Agosti 2022, si Kampala.

Msomaji wenu,
Bombo