Tusilipie nakshi ya kalibu kwa bei ya gurudumu

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwatahadharishe wakazi wa Dodoma wanaonunua bilauri za kale zenye nakshi. Nyingi zinazouzwa kama za kukatwa kwa mkono kwenye gurudumu zilishindiliwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo, zikatoka na nakshi yake papo hapo. Anayezipenda azinunue, lakini asilipie kazi ambayo haikufanyika.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Glasi iliyeyushwa na oksidi ya risasi, ile metali nzito, takribani robo hadi theluthi ya uzito wake, njia aliyoianzisha mtengenezaji wa glasi George Ravenscroft huko London miaka ya 1670. Risasi huifanya glasi ikatike kwa urahisi, na huipinda nuru hata nakshi ikametameta. Bilauri ilipulizwa nene, ikapoozwa taratibu tanurini. Ikipoa haraka, mkazo hubaki ndani na bilauri huweza kupasuka pindi gurudumu linapoigusa.

Mkataji aliichora mistari kwa rangi, akaikandamiza kwenye gurudumu la chuma lililodondoshewa mchanga na maji. Mfereji ulitoka mweupe, wenye mikwaruzo. Gurudumu la jiwe, kwa maji matupu, liliulainisha. Kisha la mbao, lililopakwa unga wa oksidi za bati na risasi, likaurudishia mng'ao. Unga huo uliwapa wang'arishaji sumu ya risasi, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Baadaye viwanda vingi vilihamia tindikali, inayong'arisha haraka lakini hupunguza ukali wa kingo.

Kwa hiyo pitisha kidole juu ya nakshi. Kingo za gurudumu huwa kali, za kalibu huwa butu, kama sabuni iliyotumika. Tazama pia pale mistari inapokutana: mkono wa mtu hupitiliza kidogo au hupungukia kidogo. Mshono wa kalibu, yaani mstari unaobaki pale vipande vyake vilipoungana, ukiuona, umepata jibu. Usipouona, usishangilie, maana mishono mingi iliyeyushwa kwa moto. Wala mlio wa bilauri inapogongwa usikudanganye, kwani glasi yenye risasi, inayolia hivyo, nayo ilishindiliwa.

Ukiipata ya kweli, ioshe kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto kwenye bilauri iliyopigwa na baridi ya asubuhi ya Julai huipasua, kwa kuwa sehemu nene na nyembamba hazitanuki sawia. Divai ya zabibu zetu inyweeni humo, ila msiilaze humo usiku kucha: asidi yake huivuta risasi kutoka kwenye glasi.

Wapenzi wa vyombo vya kale,
Dodoma