Chapa ya msanii sio fotokopi

Mhariri, hebu niwajibu hawa jamaa wanaosema picha za kina Kandinsky, yule mchoraji wa maumbo na rangi tupu, ni madoa tu, na eti zikishatolewa nakala nyingi basi ni fotokopi. Hapana bwana. Mwaka 1922, akiwa anafundisha shule ya sanaa ya Bauhaus pale Weimar, Ujerumani, Kandinsky, ambaye ni Mrusi, alitoa seti ya chapa 12, yaani picha zilizochapwa kwa mkono wa fundi, nakala 230 basi, na akazisaini kwa penseli. Baadhi zilichapwa kwa mawe, yaani msanii anachora juu ya jiwe bapa, linapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi; humo kila rangi ina jiwe lake, karatasi inapita kwenye mashine mara kadhaa, ikisogea kidogo tu imeharibika, na ukichungulia kwa karibu pale bluu ilipolalia njano unakuta kijani ambacho hakuna mtu aliyekipaka. Na maumbo hakuyatupa ovyo, yeye alishikilia kwamba njano ni ya pembetatu, nyekundu ya mraba, bluu ya duara. Mi hiyo ya duara naikubali, ya mraba bado sijaielewa kabisa. Ombi langu, mkiweka tena picha kama hizi wekeni za rangi jamani, ile ya juzi ya nyeusi na nyeupe mmetupunja.

Msomaji wenu, Morogoro